Pua Haikuumbwa Iwe Wazi Muda Wote

Malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote katika kazi yangu ya udaktari wa masikio, pua na koo ni haya: "Daktari, pua imeziba." Wengi wetu tunaichukulia pua kuwa tundu la kupitishia hewa tu, na tundu likiziba tunalizibua kwa chochote kilichopo karibu: matone ya duka la dawa, ugoro, mvuke wa sufuria, na wengine huomba moja kwa moja wafanyiwe upasuaji. Msimamo wangu ni kwamba mtazamo huo si sahihi, na umeziharibu pua nyingi zilizokuwa nzima. Kuvimba na kunywea ni sehemu ya kazi ya pua. Anayetaka pua yake iwe wazi usiku na mchana, pande zote mbili, anaidai jambo ambalo haikuumbwa kulifanya, na mara nyingi huishia kuumwa kwa sababu ya dawa aliyoinunua ili apone.

Tuanze na umbile lake. Sehemu tunayoiona kwenye kioo ni ndogo. Theluthi yake ya juu ni mfupa, na iliyobaki ni gegedu, ndiyo maana ukiibonyeza ncha inacheza. Nyuma ya hapo kuna chumba kinachokwenda nyuma, juu ya paa la kinywa, mpaka kukutana na koo. Wengi wanadhani njia ya pua inapanda juu kuelekea machoni. Waliopimwa UVIKO-19 kwa kijiti cha puani wanajua kwamba kijiti kilinyooshwa kuelekea usawa wa sikio. Chumba hicho kimegawanywa na ukuta wa kati, gegedu upande wa mbele na mfupa upande wa nyuma. Ni watu wachache sana ambao ukuta huo umenyooka kabisa. Kupinda kidogo ni maumbile, na peke yake si sababu ya kumpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Mambo makubwa yako kwenye kuta za pembeni. Kila upande una mikunjo mitatu ya mfupa mwembamba, imevikwa nyama laini na utando wa ute, imejikunja kama mkeka ulioachwa kukunjwa nusu. Madaktari huiita tabineti. Mkunjo wa chini ndio mkubwa kuliko yote, na chini yake ndipo unapofunguka mfereji wa machozi. Hiyo ndiyo sababu mtu akilia hupenga kamasi. Chini ya mkunjo wa kati yapo matundu ya mapango mengi ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, ambayo mitaani tunayaita sainasi. Juu kabisa, darini, kuna kipande kidogo cha utando chenye neva za harufu.

Sasa fikiria kazi inayofanyika humo. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku moja. Hewa ya alfajiri ya Julai kule Njombe ni ya baridi kali, na hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu na imejaa vumbi. Mapafu hayawezi kuipokea hewa hiyo jinsi ilivyo. Kwa muda usiofika sekunde moja, pua huipasha joto mpaka ikaribie joto la mwili, huilowesha mpaka ikaribie kushiba unyevu, na huinasa sehemu kubwa ya vumbi lake. Mikunjo ndiyo inayowezesha haya yote. Huilazimisha hewa ipite kwenye nyufa nyembamba, igusane na utando uliojaa damu ya moto na maji. Chumba kikiwa kitupu na kipana, hewa itapita katikati bila kugusa kuta, na itafika kifuani ikiwa kavu na baridi kama ilivyoingia.

Ndani ya nyama ya mikunjo hiyo kuna mishipa ya damu yenye uwezo wa kujaa na kumwaga damu kwa dakika chache. Ikijaa, mkunjo unavimba na njia inabana. Ikimwaga, mkunjo unanywea na njia inafunguka. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Richard Kayser alieleza kwamba pande mbili za pua hupokezana: kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya mbili na sita, upande mmoja huwa umevimba na mwingine uko wazi, kisha zamu hubadilika. Upande uliobana hupata nafasi ya kurudisha maji yake na kujisafisha, na mwenzake ukibeba mzigo wa hewa. Kwa kuwa jumla ya hewa inayopita haibadiliki sana, mchana huwezi hata kuhisi. Usiku utahisi, kwa sababu kulala chali au kwa ubavu hupeleka damu nyingi kichwani, na upande wa pua ulio chini huvimba zaidi. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba usiku pua huziba upande mmoja, na akigeuka upande wa pili tatizo linahama, wala hana homa, maumivu wala usaha, mara nyingi ananieleza pua nzima inayofanya kazi yake.

Jambo la pili ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawalijui ni kwamba hisia ya "kupata hewa" na kiasi halisi cha hewa kinachopita ni vitu viwili tofauti. Ubongo haupimi hewa. Unapima ubaridi unaoachwa na hewa kwenye utando inapopita. Ndiyo sababu ukipaka au kunusa dawa yenye mentholi, unahisi pua imefunguka mara moja. Ukipima kwa mashine, njia ya hewa haijapanuka. Mentholi imeziamsha tu neva za ubaridi. Kinyume chake kinatisha zaidi. Zamani baadhi ya wapasuaji walikuwa wakikata mikunjo ya chini yote ili "kufungua" pua, na wako wagonjwa waliotoka wakiwa na chumba kipana kupita kiasi lakini wanalalamika kwamba hawapumui, pua inauma kwa ukavu, magamba hayaishi. Neva zao za ubaridi zilikuwa zimekatwa pamoja na nyama. Miaka ya 1990 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani waliipa hali hiyo jina la pua tupu. Upasuaji wa kupunguza mkunjo upo na una nafasi yake, lakini ni wa kupunguza, si wa kufyeka.

Chupa ndogo ya mfukoni

Nije kwenye kinachoniuma zaidi. Kuna matone na dawa za kupuliza zenye oksimetazolini au zailometazolini, zinauzwa bila cheti karibu kila duka la dawa, na zinafanya kazi vizuri mno. Matone mawili, dakika chache, pua wazi. Dawa hizi huibana mishipa ya damu ya mikunjo kwa nguvu. Shida ni kwamba nguvu ikiisha baada ya saa kadhaa, mishipa hulegea na kujaa damu tena. Ukirudia kwa siku nyingi, huacha kuisikia dawa kama mwanzo na hujaa kupita ilivyokuwa kabla hujaanza. Mtu anaona mafua yake hayaishi, anaongeza matone, na uvimbe nao unaongezeka. Ameshatoka kwenye mafua ya wiki moja na kuingia kwenye ugonjwa unaoletwa na dawa, ambao unaweza kumkaa miaka.

Mtu wa namna hii namtambua kabla hajamaliza kueleza. Ukimuuliza anatumia nini, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Inatoka chupa ndogo ya plastiki, lebo imefutika kwa kushikwashikwa, kifuniko kimeachia. Nyingine iko kwenye gari na nyingine chini ya mto, kwa sababu hawezi kulala pasipo nayo. Nikimulika ndani, mikunjo ya chini ni myekundu, imevimba mpaka imegusa ukuta wa kati, na utando umekauka. Huyu hana haja ya kisu. Anahitaji kuiacha dawa hiyo. Wengi wanaweza kuanza na upande mmoja, ili upande wa pili uwasaidie kulala, huku daktari akiwaandikia dawa ya kupuliza ya stiroidi na maji ya chumvi ya kusafishia. Siku za mwanzo ni ngumu, na ni lazima uambiwe ukweli huo mapema ili usikate tamaa. Kwa kawaida wiki moja hadi wiki chache zinatosha mikunjo kurudi hali yake. Kanuni yangu kwa matone haya ni siku tatu, isizidi tano. Mwenye shinikizo la juu la damu aulize kwanza. Mtoto mchanga asiwekewe kabisa matone ya watu wazima: kiasi kidogo tu kinaweza kumlegeza, kumpa usingizi mzito na kupunguza pumzi zake.

Linalofuata ni lile la "nyama puani". Mama anamwinua mtoto kidevu, anamulika kwa tochi ya simu, anaona kitu chekundu chenye unyevu kimejaa tunduni, anashtuka. Wengine huenda kwa mtu wa kutia dawa ya kuunguza. Mama, kile unachokiona kwa tochi ni mkunjo wa chini. Kila binadamu anao. Sisi tuna njia rahisi ya kutofautisha: mkunjo una rangi ya waridi au nyekundu, ukiguswa unauma, na ukiwekewa dawa ya kubana mishipa unanywea mbele ya macho. Uvimbe wa kweli wa puani, unaoitwa polipu, umepauka na kung'aa, ukiguswa kwa kijiti mgonjwa haoni maumivu, na dawa ile haiunywezi. Polipu ni nadra kwa watoto wadogo. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi, anashtuka usingizini kama aliyekabwa, na masikio yake hayasikii vizuri, kwa kawaida tatizo lake ni nyama za nyuma ya pua zinazoitwa adenoidi. Ziko nyuma kabisa, juu ya koo, na hakuna tochi ya simu inayozifikia. Hizo zikizidi huwa zinatolewa hospitalini, na mtoto hubadilika: analala, anakula, anafuata masomo. Kuchoma mkunjo wa mbele hakumsaidii mtoto huyo hata kidogo. Kunamwachia kovu.

Kamasi nayo inaonewa. Utando wa pua umefunikwa na ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute huo kuna mamilioni ya vinyweleo visivyoonekana kwa macho, silia, vinavyopiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja. Ute husogezwa nyuma kwa milimita kadhaa kila dakika, ukafika kooni, ukamezwa, na tindikali ya tumbo ikamaliza kazi. Kila siku unameza kamasi nyingi bila kujua, na hakuna ubaya wowote. Cha kustaajabisha zaidi kiko kwenye pango la shavuni. Tundu lake la kutokea liko juu, karibu na dari, kwa hiyo ukiwa umesimama silia hupandisha ute mlima. Mafua yakizilemaza silia, au moshi wa kuni, mkaa na sigara ukizichosha kila siku, ute hutuama. Hapo ndipo ugonjwa wa kweli wa sainasi huanza. Mapango hayohayo hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi, kama walivyoonyesha watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi mwaka 1995. Tukivuta pumzi kwa pua gesi hiyo hushuka mapafuni, ikasaidia mishipa ya huko kutanuka na kupokea oksijeni. Anayepumua kwa kinywa huikosa.

Kamasi kuwa ya njano au kijani si ushahidi kwamba unahitaji antibayotiki. Rangi hiyo hutoka kwenye kimeng'enya cha seli nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na hupigana na virusi vilevile. Mafua mengi hupitia rangi hiyo siku ya tatu au ya nne kisha yakaisha yenyewe. Nashuku maambukizi ya bakteria kwenye sainasi pale dalili zinapovuka siku kumi bila nafuu, au mgonjwa alipoanza kupona kisha akarudi kuwa mbaya zaidi, au ana homa kali na maumivu ya upande mmoja wa uso. Kumeza vidonge vya antibayotiki kwa kila kamasi ya kijani ni kuwafunza bakteria kuzishinda dawa tutakazozihitaji kesho. Na wewe unayeumwa kichwa kila mwezi upande mmoja wa uso, mwanga unakukera, tumbo linachafuka, ukaambiwa ni sainasi: kwa uzoefu wangu, uwezekano mkubwa ni kwamba hicho ni kipandauso, na kina tiba yake tofauti.

Nyungu, yaani kujifukiza mvuke, tuliyoijua sana wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, ilikuwa na faida moja tu: mvuke hulainisha kamasi na kumpa mtu nafuu ya muda. Hauui virusi. Hatari yake ni maji ya moto, hasa kwa watoto chini ya shuka na sufuria magotini. Ugoro hauna hata faida hiyo. Chafya unayoipata ni pua inayojitetea dhidi ya tumbaku.

Nipite haraka kwenye umbo, kwa sababu linawaumiza watu moyoni. Mwaka 2017 Arslan Zaidi, Mark Shriver na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walionyesha kwamba upana wa matundu ya pua unafuatana na joto na unyevu wa mahali mababu walipoishi: kwenye baridi na ukavu pua huwa nyembamba, kwenye joto na unyevu huwa pana. Hewa yetu ya pwani haihitaji kupashwa sana. Pua pana ni pua iliyoumbwa kwa makazi yake. Akina mama wanaomvuta mtoto pua kila asubuhi kwa mafuta ili ichongoke wanamliza bure. Umbo lake limeandikwa kwenye vinasaba.

Kuhusu harufu nitasema machache. Linda Buck na Richard Axel waligundua mwaka 1991 familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takribani aina 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya chakula ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo, na ndiyo maana pilau haina maana mtu akiwa na mafua. Neva za harufu hujizalisha upya, tofauti na neva nyingi za mwili. Aliyepoteza harufu baada ya UVIKO-19 au mafua makali ajaribu mazoezi yaliyopendekezwa na Thomas Hummel wa Dresden mwaka 2009: kunusa waridi, limau, mikaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, kwa utulivu, kwa miezi mitatu au zaidi. Karafuu tunazo Pemba na Unguja za kutosha.

Basi tufanye nini? Kwanza, maji ya chumvi. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa na kingine cha soda ya kuokea, inama juu ya sinki, ingiza taratibu tundu moja yatokee jingine. Hii ni dawa ninayoiandika kuliko zote. Nasisitiza yawe yamechemshwa: kuna amiba, Naegleria fowleri, anayeishi kwenye maji vuguvugu yasiyotibiwa na anayepanda puani mpaka kwenye ubongo. Ni nadra mno, lakini huua karibu kila anayempata, na Karachi nchini Pakistan kumeripotiwa vifo vya watu walioambukizwa kwa maji ya bomba. Ndugu zangu mnaopandisha maji puani wakati wa udhu, mnafanya jambo zuri kwa pua. Hakikisheni tu maji ni safi na tangi linaoshwa.

Pili, ukiandikiwa dawa ya stiroidi ya kupuliza kwa ajili ya mzio, itumie kila siku kwa wiki kadhaa. Haifungui papo hapo, na wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza upande wa nje, usivute kwa nguvu. Ukipuliza kwenye ukuta wa kati utatoka damu. Tatu, damu ya pua: keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia, pumua kwa kinywa. Kuinua kichwa nyuma kunaipeleka damu tumboni na kumtapisha mgonjwa. Nne, mtoto akitokwa na usaha wenye harufu mbaya tundu moja tu, ameingiza kitu, hata akikana. Punje ya hindi inaweza kungoja asubuhi. Betri ndogo ya saa haingoji, kwani kwa saa chache hutoboa ukuta wa kati.

Nimetetea kuziba kwa pua, lakini kuna kuziba ambako sikutetei. Ikiwa wewe ni mtu mzima na upande mmoja, uleule, umeziba kwa zaidi ya wiki tatu bila kupokezana na mwenzake, ukitokwa na damu au kamasi yenye damu, au sikio la upande huo limeziba, au umeona uvimbe shingoni, usinunue matone. Dalili hizo zinaweza kuwa za saratani ya nyuma ya pua, ambayo ipo katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki na hugunduliwa imechelewa kwa sababu watu huitibu kama mafua. Ikiwahiwa inatibika kwa mionzi na dawa. Nenda hospitali yenye daktari wa pua, omba akuangalie mpaka nyuma kwa kamera, na usikubali kurudi nyumbani na chupa nyingine ya matone.